Ndiyo, Poka ni Ujuzi, na Ndiyo Maana Fedha Zako Zinaliwa



Kuna sentensi moja imeenea mno miongoni mwa vijana wetu hapa Uingereza. Nimeisikia kwa lafudhi zote, ya Unguja, ya Mombasa, ya Dar es Salaam, ya Bujumbura na ya Lubumbashi: "Poka siyo kamari, poka ni ujuzi." Husemwa kwa kujiamini sana, na anayeisema mara nyingi ana picha kwenye simu yenye orodha ya karata nzuri za kuanzia. Akishaikariri orodha hiyo hujiona amehitimu. Jumamosi inayofuata anakwenda kukaa mezani na mshahara wake wa wiki wa kubeba maboksi.

Sikusudii kubishana naye kwamba poka ni bahati tupu. Nakubaliana naye, poka ni ujuzi. Ninachomlaumu ni kwamba hajaisikiliza sentensi yake mwenyewe hadi mwisho. Katika mchezo wa bahati tupu, kama kurusha shilingi, mjinga na mwerevu wana nafasi sawa. Katika mchezo wa ujuzi fedha huhama kutoka kwa asiyejua kwenda kwa anayejua. Huenda zikachelewa, usiku mmoja zikarudi nyuma, lakini mwisho njia zinaijua. Basi mtu anayesema kwa mdomo wake kuwa ndiyo kwanza anajifunza, amekwisha kutuambia fedha zake zinaelekea wapi.

Najua wapo watakaoniuliza: kwa nini upoteze kurasa za kijarida chetu kwa jambo ambalo dini zetu zimekwisha kulisemea? Sina ugomvi nao. Aliyetosheka na jibu hilo amepumzika, na makala haya hayamhusu. Lakini tuseme kweli. Kijana aliyekwisha kukaa mezani hakukosa kusikia kuwa kamari ni mbaya. Alisikia, akanyamaza, akaenda. Sisi wakubwa tukiishia kwenye neno "mbaya" na kufunga mdomo, tunamwacha afundishwe hesabu na mtu yule yule anayezingojea fedha zake. Afadhali azisikie kwetu, tena azisikie zote, maana hesabu za poka zikisomwa hadi mstari wa mwisho zinaonya kuliko hotuba yoyote.

Tuanze na meza yenyewe, kwa wasioijua. Poka inayochezwa zaidi leo ni ile iitwayo Texas Hold'em. Usiifananishe na karata zetu za barazani. Hapa hakuna turufu. Kopa haiishindi pau wala shupaza haiishindi uru. Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri. Kisha katikati ya meza hufunuliwa karata 3 kwa pamoja, halafu ya 4, halafu ya 5, na hizo ni za wote. Mwenye karata 5 bora, akichanganya zake na za katikati, ndiye mwenye chungu cha fedha. Fedha huwekwa kwa awamu 4: kabla ya kufunuliwa chochote, baada ya zile 3, baada ya ya 4, na baada ya ya 5. Zamu yako ikifika njia ni chache. Kama hakuna aliyeweka dau, unaweza kupita au kuweka. Kama yupo aliyeweka, utalilipia dau lake, utalipandisha, au utatupa karata zako na kukaa pembeni hadi mgao unaofuata.

Na kabla hata karata hazijagawiwa, watu 2 wamekwisha kutoa fedha kwa lazima, mmoja dau dogo na mwingine dau kubwa. Tuchukue meza ya pauni 1 na pauni 2. Zamu hiyo ya kulipa huzunguka, kwa hiyo meza ikiwa na watu 9, kila baada ya migao 9 utakuwa umetoa pauni 3 upende usipende. Meza ya kawaida yenye mgawaji hutoa kama migao 30 kwa saa. Hiyo ni pauni 10 kwa saa umezitoa kwa kuketi tu, kabla hujaamua neno lolote. Fedha hizo hukutia haraka. Unaona zinapungua, na unaanza kutafuta sababu ya kuingia.

Hapo ndipo orodha ya karata inapotolewa mfukoni, na hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanza.

Karata 52 zikitolewa mbili mbili zinaweza kuungana kwa njia 1,326. Kati ya hizo, ree mbili, ambayo ndiyo jozi kuu kuliko zote na ndiyo inayopambwa juu kabisa ya kila orodha, zina njia 6 tu. Maana yake utaziona kwa wastani mara 1 katika migao 221. Kwa mwendo wa migao 30 kwa saa, hiyo ni mara 1 kila baada ya saa 7 na ushee. Mtu anaweza kukaa usiku kucha, akarudi kwake na basi la alfajiri, asizitie machoni. Ree na mfalme huja mara 1 katika migao 83. Jozi yoyote, hata ya mbili mbili, mara 1 katika 17.

Sasa sikiliza wanachoshauri walimu waangalifu wa mchezo huu. Ukiwa umeketi viti vya mwanzo, yaani wewe ni katika wa kwanza kuamua na watu 7 au 8 bado hawajasema neno, anayeanza asiingie ila na jozi za kumi kwenda juu, au ree na mfalme, au ree na malkia. Hesabu njia zake: ni 62 kati ya 1,326. Mara 1 katika 21. Kadiri kiti chako kinavyosogea kuwa cha mwisho ndivyo unavyoruhusiwa kulegeza kidogo, ukaongeza jozi ndogo, mfalme na malkia, ree za aina moja na kadhalika. Ukichukua viti vyote kwa pamoja, anayeanza kwa uangalifu atatupa karata zake kama mara 4 kati ya 5.

Hilo ndilo somo la kwanza la poka, na ndilo lisiloandikwa kwa herufi kubwa kwenye orodha zinazosambazwa. Orodha inamwonyesha kijana karata 10 au 20 za kuchezea. Haimwambii kuwa kazi yake kubwa mezani ni kutocheza.

Nani kati yetu atalivumilia hilo? Mtu amesimama ghalani saa 10, miguu imevimba, amepanda treni hadi mjini, amelipa, ameketi. Atakubali kutupa karata mara 4 kati ya 5, akiwaangalia wenzake wakicheka na kugawana chungu? Hakuja kutazama. Amekuja kucheza, na atacheza. Atapewa ree na sita, atasema "nina ree." Atapewa mfalme na nne, zote za kopa, atasema "zinafanana." Orodha iko mfukoni, lakini mkono umekwisha kusukuma fedha katikati.

Na hizo mbili ndizo mitego yenyewe, kwa hiyo nizieleze. Ree na karata ndogo ni mtego kwa sababu ubaya wake hujionyesha siku ile unapopata ulichokitaka. Ree nyingine ikifunuliwa katikati, unafurahi, unaweka dau, na anayekulipia kwa utulivu ni nani? Ni yule mwenye ree na mfalme. Jozi zenu ni sawa, lakini karata yake ya pembeni ni kubwa kuliko yako. Ukiwekea karata hizo mbili ushindani tangu mwanzo, yeye hushinda karibu mara 7 kati ya 10. Aliyepata saba na mbili hutupa na kupoteza pauni 2 za lazima. Aliyepata ree na sita ndiye hupoteza mia.

Ama karata za aina moja, zile anazozipenda kila anayeanza kwa sababu ya rangi yake, faida yake ni ndogo mno kuliko zinavyoonekana. Ukiwa na kopa mbili, zile karata 3 za mwanzo zitakuwa zote kopa kwa wastani mara 1 katika 119. Kuwa za aina moja kunaongeza nafasi ya ushindi kwa asilimia 2 hadi 4 hivi. Ni kama sukari kwenye chai; kama chai yenyewe ni maji ya moto matupu, sukari haitaigeuza kuwa chai. Mfalme na nne za kopa bado ni mfalme na nne.

Jozi ndogo nazo, kama tano tano, zina hesabu yake. Unachongojea ni tano ya tatu, na katika zile karata 3 za mwanzo huja kama mara 1 katika 8 au 9. Kwa hiyo ukilipa pauni 6 kungojea, na mwenzako mbele yake zimebaki pauni 30 tu, umenunua bahati kwa bei isiyorudi hata ukiipata. Wenye busara hawalipi ila mwenzao awe na angalau mara 15 au 20 ya hicho walicholipa.

Na hata ree mbili zenyewe, sultani wa karata, si bima. Zikipambana na wafalme wawili hupoteza chini kidogo ya mara 1 katika 5. Ukiona haya kupandisha dau, ukawaacha wote 8 waingie kwa bei rahisi na karata zozote walizo nazo, ree zako zitabaki kuwa za mwisho mara 1 tu katika 3. Ndiyo maana mwenye karata nzuri hupandisha dau mapema: anataka wachache, na anataka walipe. Anayeanza hufanya kinyume. Akiwa na karata nzuri hujificha, akiwa na mbaya hupiga kelele.

Kupiga kelele huko kwenyewe kuna jina, ni mkwara, na mkwara ndio unaowapumbaza vijana kuliko yote. Wameona kwenye filamu mtu amevaa miwani myeusi, hana kitu mkononi, anasukuma fedha zote na mwenzake anakimbia. Ni kweli inatokea. Lakini mkwara humtisha yule anayejua kuhesabu, anayejiuliza mwenzangu ana nini. Kwenye meza ndogo wanazokaa vijana wetu, watu wamekuja kucheza, nao wanalipia kila kitu "ili waone." Huwezi kumpiga mkwara mtu asiyejua kwamba anatishwa.

Bado sijafika kwenye hesabu ya kila dau. Mfano mmoja utatosha. Katikati kuna pauni 60. Mwenzako anaweka 30. Wewe una karata 4 za kopa na imebaki karata 1 kufunuliwa; ikija kopa umeshinda. Ulipe au usilipe? Karata usizoziona ni 46, na kopa zilizobaki ni 9. Nafasi yako ni karibu mara 1 katika 5. Bei nayo inasemaje? Unatoa 30 ili upate 90, yaani ni lazima ushinde mara 1 katika 4 ndipo usipate hasara. Una 1 katika 5, unauziwa kwa 1 katika 4. Kila ukilipia hali kama hiyo unaacha mezani kama pauni 6 na nusu kwa wastani, isipokuwa una hakika kwamba kopa ikija mwenzako atakulipa zaidi. Na siku kopa itakapokuja utashangilia, utawasimulia wenzako kazini, na hutakumbuka mara 4 ulizolipa bure. Poka haikupi adhabu papo hapo. Mara nyingine inakulipa kwa kosa, na inakunyang'anya ulipofanya sawa, ndiyo maana mtu anaweza kuicheza vibaya mwaka mzima akidhani anakaribia kuijua.

Mwenzangu wa "ni ujuzi" atasema: basi nitajifunza hesabu hizo, nitakuwa mimi ndiye anayejua. Vema. Lakini hapo anasahau mtu wa 10 mezani, asiyeshika karata hata moja, naye ndiye asiyepoteza kamwe. Madau ya lazima huzunguka. Ukiwa hodari utarudishiwa na ya wenzako. Makato ya mwenye meza hayarudi. Kasino hukata sehemu ya kila chungu, au hutoza kila anayeketi kwa muda. Tuseme kwa mfano makato ni pauni 2 tu kwa kila mgao. Kwa migao 30 ni pauni 60 kwa saa. Kwa usiku wa saa 6 ni pauni 360. Watu 9 waliokuja na pauni 200 kila mmoja walileta 1,800. Alfajiri mezani zimebaki 1,440. Moja ya tano imeondoka na hakuna aliyeishinda. Kwa hiyo haitoshi kuwa hodari kidogo kuliko wenzako. Ni lazima uwazidi kwa kiasi cha kuwalipia na makato yako, ndipo uanze kuhesabu faida. Wanaofika hapo wapo, ila ni wachache. Wameifanya kuwa kazi, wanaandika kila pauni daftarini, na wanawapenda sana watu wenye orodha za karata kwenye simu.

Ndoto hii ilitoka wapi? Wengi wetu tuliokuwa hapa miaka ile tunakumbuka. Mwaka 2003 mhasibu mmoja Mmarekani, Chris Moneymaker, aliingia kwenye mashindano makubwa ya Las Vegas kwa tiketi aliyoipata kwa kucheza kwenye intaneti, badala ya kulipa kiingilio cha dola 10,000, akatoka na dola milioni 2.5. Mwaka ule walioshiriki walikuwa 839. Mwaka 2006 walifika 8,773. Kila mtu alimwona mhasibu, hakuna aliyewaona waliotoa fedha alizozichukua mhasibu. Milioni zile hazikuchimbwa ardhini. Zilikuwa viingilio vya watu, kila mmoja akiwa na hakika kuwa naye ana ujuzi.

Na wanaosema watajifunzia kwenye intaneti kwa sababu ni rahisi, nawakumbusha mambo mawili. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungulia mashtaka kampuni 3 kubwa za poka ya mtandaoni, na wachezaji wa mojawapo, Full Tilt, wakagundua kuwa fedha walizodhani zimehifadhiwa hazikuwapo. La pili ni la Januari 2017, mjini Pittsburgh: programu ya kompyuta iitwayo Libratus iliwashinda mabingwa 4 wa kulipwa katika migao 120,000 iliyochezwa kwa siku 20. Mwaka 2019 nyingine, Pluribus, ikawashinda mabingwa kwenye meza ya watu 6. Basi kijana aliyejifungia chumbani kwake Coventry usiku wa manane, akicheza na majina asiyoyajua, anajuaje kama aliye mbele yake ana damu?

Nije sasa kwetu, maana kilichonifanya nishike kalamu si Las Vegas. Mtindo umezuka wa kuandaa "usiku wa poka" kwa jina la jumuiya. Hukodiwa ukumbi, hutozwa kiingilio, hukatwa kidogo katika kila chungu "kwa ajili ya chama", na wanaojua wachache huketi pamoja na wasiojua wengi. Waandaaji husema hakuna ubaya kwa sababu ni mchezo wa ujuzi. Hoja hiyo ilikwisha kusikilizwa na wenye nchi. Januari 2007, katika mahakama ya Snaresbrook, kesi ya klabu ya Gutshot ya London iliamuliwa dhidi ya mwenye klabu aliyedai hivyo hivyo. Na Sheria ya Kamari ya 2005, inayotumika hadi leo, inasema wazi kwamba mchezo wenye bahati na ujuzi kwa pamoja ni mchezo wa bahati. Sheria hiyo haikatazi watu kucheza nyumbani kwao kwa faragha. Inachotaka ni kwamba mchezo wa faragha usiwe na malipo ya kushiriki, na makato katika chungu nayo ni malipo. Anayeendesha kamari bila leseni pale inapotakiwa anatenda kosa. Siku askari wakija ukumbini, jina litakaloandikwa si la muandaaji peke yake. Litaandikwa la chama chetu, kile kile kinachokusanya michango ya kusafirisha maiti.

Kuna na jambo la kukopeshana. Tangu Aprili 2020 ni marufuku nchini humu kucheza kamari kwa kadi ya mkopo. Waliotunga kanuni hiyo wameona kwamba mtu asichezee fedha asizo nazo. Sisi je? Kwenye meza zetu, aliyeishiwa hugeuka kulia akamwambia jirani, "Kaka, nishike pauni 50, Ijumaa nakupa." Na kaka kwa muhali anatoa. Benki imekataa, undugu umekubali.

Linaloniuma zaidi ni fedha za mchezo, na hapa nauzungumzia ule mchezo wetu, upatu wa kina mama. Lugha yetu imeviita vitu viwili jina moja, ila hesabu zake ni mbali kama mbingu na ardhi. Watu 10 wakichanga pauni 100 kila mwezi, kila mwezi mmoja anapokea 1,000, na mwaka haujaisha kila mmoja ameweka 1,000 na amepokea 1,000. Hakuna makato na hakuna anayeondoka mikono mitupu. Aliyepokea mapema ameezeka nyumba, aliyepokea mwisho amelipa ada. Ule ndio mchezo uliotujengea nyumba Mbagala, Kisauni na Mwanakwerekwe. Kijana akiichukua zamu yake ya upatu na kuiweka kwenye meza ya watu 9, ametoa fedha mahali ambapo kila mtu hupata zake, akazipeleka mahali ambapo kabla hata ya kugawa karata tunajua kwamba jumla ya watakachoondoka nacho ni pungufu ya walichokuja nacho. Halafu mama yake akipiga simu kuuliza fedha za dawa, anaambiwa mshahara umechelewa.

Nitaambiwa naharibu burudani. Sikatai burudani. Anayetaka kucheza poka kwa kuipenda, na mchezo wenyewe kweli unapendeza kwa mwenye akili ya hesabu, acheze kama anavyonunua tiketi ya mpira: bei inajulikana kabla, na hatarajii kurudishiwa. Lakini iwe burudani kweli. Wacheze nyumbani, kwa peni 10 na peni 20. Kila mmoja aje na pauni 10, zikiisha anywe chai na awaangalie wenzake, asinunue tena. Kusiwe na makato ya mtu yeyote, wala ya chama. Kusiwe na kukopeshana mezani. Na anayewafundisha wengine aanze na somo la kutupa karata, wiki nzima ya kutupa karata, kabla hajawaonyesha hiyo orodha. Wangapi watarudi wiki ya pili? Watakaorudi wanaupenda mchezo. Waliokuwa wanazifuata fedha watakuwa wameokoa za kwao.

Na yule ambaye amekwisha kuingia ndani na hawezi kutoka, asione haya. Hapa Uingereza kuna huduma iitwayo GamStop, iliyoanza mwaka 2018, ambayo mtu hujiandikisha mwenyewe na kampuni za kamari za mtandaoni zenye leseni ya nchi hii zikamfungia milango. Hailipiwi, na hakuna wa kumsimanga. Wala viongozi wetu wasimsimange. Wamuulize kwanza ni nani aliyemfundisha, na alimfundisha nini, na alipofundishwa alikaa upande gani wa meza.

Kwa waandaaji wa usiku wa poka, nawauliza swali moja tu, na nawaomba walijibu hadharani kwenye kurasa hizi hizi: katika hao mnaowaita mezani kwa jina la ujuzi, ni nani mnayemtarajia awe asiyejua? Maana lazima awepo. Bila yeye meza haina faida kwa yeyote. Mkiweza kumtaja kwa jina, nendeni mkamwambie kabla hajaketi.

Naomba kutoa hoja.